Moyo Unaokimbia Kipimo

Jino likikuuma, utafika nalo kwa daktari likiwa bado linauma. Mguu uliovunjika hautaunga njiani. Moyo unaokwenda mbio hauna adabu hiyo. Unaweza kudunda nusu saa nzima, ukamtoa mtu jasho na kumlegeza magoti, kisha ukatulia wenyewe bodaboda inapoingia getini kwa zahanati. Mhudumu anapima presha, iko sawa. Anapima malaria, hakuna. Mgonjwa anaambiwa apumzike, anywe maji, apunguze mawazo. Ikijirudia mara ya tatu, nyumbani wanaanza kuulizana ni nani aliyemchezea.

Mkoa wa Katavi unaupa ugonjwa huu nafasi kubwa ya kujificha. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 45,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 1,150,000. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni hifadhi na misitu ya miombo. Karema iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mishamo iko ndani kabisa upande wa magharibi. Inyonga na Ilunde ziko mashariki. Usevya na Majimoto ziko kusini, katika bonde la Rukwa. Wagonjwa wa kote huko rufaa yao huelekea Mpanda mjini. Na anayefika Mpanda akaonekana anahitaji bingwa wa moyo, safari ndiyo kwanza inaanza: Mbeya, Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam, kwa treni ya Tabora kupitia Kaliua, kwa basi la kutwa kucha, au kwa ndege kama nauli ipo.

Tunapozungumzia magonjwa ya moyo nchini, macho yote huelekea kwenye mitambo mikubwa ya Dar es Salaam. Mimi naona kwa mtu wa Katavi kazi ngumu inafanyika kabla ya hapo: kuunasa moyo ungali unakosea, na kuandika kosa hilo kwenye karatasi.

Moyo una umeme wake. Juu, katika chumba cha kulia, kuna kifundo kidogo cha chembe zinazojiwasha zenyewe mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Watafiti wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, ndio waliokieleza mwaka 1907. Mwaka mmoja kabla yao, Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alikuwa ameonyesha kifundo cha pili, kilichoko katikati, baina ya vyumba vya juu na vya chini. Hicho cha katikati kinafanya kazi ya stesheni masta wa Kaliua: kinaizuia ishara kidogo, vyumba vya juu vimalize kumwaga damu, ndipo kinairuhusu ishuke. Kwa mapigo 70 kwa dakika, jambo hilo hutokea zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na mwenye moyo hajui hata kama linatokea.

Hitilafu huja kwa njia nyingi. Kuna watu waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme. Ishara ikishuka kwa njia moja na kurudi juu kwa nyingine, inazunguka humo humo na moyo unaruka hadi mapigo 180 au 200. Hawa mara nyingi ni vijana wasio na ugonjwa mwingine wowote, na ndio hasa wanaofika zahanati wakiwa wameshatulia. Kuna ambao vyumba vyao vya juu vimeacha kupiga, vinatetema tu, na mapigo yakifika mkononi hayana mpangilio. Wapo ambao vyumba vya chini ndivyo vimeasi, na hapo suala ni dakika, maana moyo unaotetema chini hausukumi damu.

Halafu wapo ambao stesheni imefungwa. Ishara ya juu haishuki kabisa, na vyumba vya chini vinajipigia polepole, mara 30 au 35 kwa dakika. Mzee wa namna hii huchoka akipanda kilima kidogo, na siku nyingine moyo husimama kwa sekunde kadhaa, ubongo ukakosa damu, akaanguka. Akiwa chini anaweza kurusha mikono na miguu. Watu wanaomzunguka wanasema jambo moja: kifafa. Tabibu anamwandikia dawa za kifafa, au anapelekwa kwa mganga, na wote wawili wanamtibu kichwa. Tofauti zipo kwa anayezitafuta. Mgonjwa wa moyo huwa mweupe ghafla, hudondoka kama alivyosimama, na akizinduka baada ya muda mfupi akili yake hurudi mara moja. Wa kifafa huamka amechanganyikiwa, ana usingizi, na mara nyingi ameuma ulimi ubavuni. Dalili hizi hazikati shauri peke yake, lakini zinatosha kumfanya tabibu ashike mkono wa mgonjwa na kuhesabu. Mzee anayeanguka na ana mapigo 34 kwa dakika hana haja ya mtu kufikiri sana.

Kuhesabu huko hakuhitaji chuo. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Saa ya simu. Sekunde 60 kamili kama mapigo yanayumba. Unatafuta mambo mawili tu: mangapi, na je, yanakwenda kwa mpango. Ningependa kila familia yenye mgonjwa wa presha iwe na mtu mmoja anayejua kufanya hivyo, kwa sababu yeye atakuwepo saa nane usiku wakati moyo unakwenda mbio, na daktari hatakuwepo.

Kipimo chenyewe cha umeme wa moyo, ECG, kina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alitangaza mashine yake mwaka 1903, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikiendeshwa na watu watano, na mgonjwa alikaa mikono na mguu vikiwa ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Wakati huo Karema ilikuwa na daktari kwa miaka 14 tayari. Adrian Atiman, mzaliwa wa Tindirma karibu na Timbuktu, aliibwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dk Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina lake. Alianza kazi kabla dunia haijawa na ECG, na akafa miaka miwili kabla mtu wa kwanza hajawekewa betri ya moyo. Sehemu kubwa ya tiba ninayoieleza hapa ingemshangaza.

Mashine ya leo inabebeka kwapani. Mgonjwa analazwa kifua wazi, anapakwa jeli, anawekewa nyaya kumi: nne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Asitetemeke, asiongee, na simu aweke mbali. Karatasi inatoka ikiwa na miraba midogo na mikubwa, ikitembea milimita 25 kwa sekunde. Hesabu ya haraka iko hivi: chukua 300, gawanya kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya mwiba mmoja na unaofuata. Miraba minne ni mapigo 75. Miwili ni 150. Mmoja na nusu ni 200, na mwiba ukiwa mwembamba na mapengo yakilingana, umemkamata yule mwenye njia ya ziada. Mapengo yasipolingana hata mara moja, na vile vilima vidogo vya kabla ya mwiba vikiwa havionekani, vyumba vya juu vinatetema.

Karatasi hiyo ni ya aina ile ile ya risiti za EFD. Inafifia. Ikikaa juani dirishani au kwenye bahasha ya plastiki kwa miezi kadhaa, mgonjwa atafika kwa bingwa na ushahidi mweupe mkononi. Kwa hiyo ikitoka tu, ipigwe picha kwa simu, tarehe na saa zionekane. Picha hiyo ina kazi nyingine kubwa: inaweza kufika Dar es Salaam kabla mgonjwa hajatafutiwa nauli, bingwa akaisoma, na safari nzima ikaonekana haina haja, au ikaonekana ni ya leo leo. Mtandao wa simu umefika mahali pengi ambako mtaalamu wa moyo hatafika katika uhai wetu. Ndiyo maana mashine moja ya ECG katika kituo cha afya cha mbali, pamoja na tabibu aliyefundishwa kuifunga nyaya sawasawa, naipa thamani kuliko ahadi ya mtambo wa mabilioni makao makuu ya mkoa.

Kuna na tiba ambayo haigharimu karibu chochote. Mgonjwa akifika moyo ungali unakimbia 190, karatasi ikapatikana, na yeye mwenyewe ana fahamu na presha yake haijaanguka, anaketi nusu kuegama kitandani. Anapewa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, alipulize kwa nguvu ya kutosha kukisogeza kile kisukumio, sekunde 15. Papo hapo analazwa chali na mtu anamnyanyua miguu yote miwili kwa sekunde 15 nyingine. Kupuliza na kunyanyua huko huuamsha mshipa wa fahamu unaokifunga kile kifundo cha katikati kwa muda mfupi, mzunguko ukakatika. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2015, uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 428, uliwalinganisha waliofanya hivyo na waliopuliza tu bila kulazwa na kunyanyuliwa miguu: mioyo iliyorudi katika mwendo wake ilikuwa asilimia 43 kwa kundi la kwanza, na 17 kwa la pili. Bomba la sindano lipo kila zahanati, kuanzia Mwese hadi Mamba. Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua au anayehema kwa shida hafanyiwi hivyo. Huyo anahitaji mashine ya kushtua moyo, haraka.

Dawa nazo zina historia inayotuhusu zaidi ya tunavyoambiwa. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba moyo wake unapokwenda mrama yeye huurudisha mwenyewe, kwa kwinini. Alikuwa ameizoea kwa ajili ya malaria katika nchi za joto. Wenckebach hakumwamini, mtu yule akaenda akarudi kesho yake mapigo yametulia. Kutoka hapo ilizaliwa kwinidini, moja ya dawa za mwanzo za kurekebisha mapigo. Habari hii ina upande wake wa pili: kinachoweza kuutuliza moyo kinaweza kuuvuruga, na ndiyo sababu kwinini ya mshipani hudondoshwa taratibu, haisukumwi kwa mkupuo.

Nyingine imetoka kwenye podo la mishale. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi aliweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, na mapigo yake yakapungua kasi. Sumu hiyo hutoka kwenye mimea ya jamii ya Strophanthus, na mmoja wao, uliopewa jina la Emin Pasha, huota Tanzania na hutumiwa na Wahadzabe kwenye mishale yao. Kilichomo ndani yake ni ndugu wa digoksini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa moyo nchini wanakimeza mpaka leo. Anayetaka kujaribu mizizi akumbuke kwamba kipimo kinachoutuliza moyo na kile kinachomwangusha nyati vinakaribiana mno.

Sasa wale ambao vyumba vya juu vinatetema. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 2,232 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta 15 tu wenye tatizo hili, asilimia 0.67. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, nao wenyewe walishangaa uchache huo ukilinganishwa na Ulaya. Tusishangilie mapema. ECG moja huwanasa tu wale ambao moyo wao umekosea dakika ile, na wengine huenda hawakufikisha miaka 70. Kwetu tatizo hili halingojei uzee. Linamkuta mama wa miaka 28 ambaye alipokuwa mtoto aliugua mafindofindo yasiyotibiwa vizuri. Mwili ulipopigana na vijidudu vya koo ukashambulia na milango ya moyo wake. Mlango wa kushoto ukakakamaa, chumba cha juu yake kikatanuka, na kikaanza kutetema, pengine akiwa mjamzito. Sindano ya penisilini ya kila mwezi ingemkinga kama angegunduliwa mapema.

Damu iliyo katika chumba kinachotetema hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Kwa hiyo mama huyu anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hapa ndipo Katavi inapokwama. Warfarini ikipungua haifanyi kazi. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu. Kipimo cha kujua imekaa wapi kinaitwa INR, na mwanzoni kinatakiwa kila baada ya siku chache, baadaye angalau kila mwezi. Chakula kinaisogeza: kisamvu, matembele na mchicha vinaipunguza nguvu, si kwamba asile, bali ale kwa kiasi kisichobadilika. Metronidazo aliyouziwa duka la dawa kwa ajili ya tumbo inaipandisha. Na akipata mimba, lazima daktari ajue mapema, maana dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Zimekuja dawa mpya ambazo hazihitaji INR, na wengi tulidhani ndiyo dawa ya watu wa mbali. Utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulitoa majibu mwaka 2022: kwa wenye moyo ulioharibiwa na mafindofindo hayo ya utotoni, waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani walikufa wengi kuliko waliobaki na dawa za jamii ya warfarini. Daktari wa Mpanda hana njia ya mkato. Kwa mgonjwa wa presha tu, asiye na mlango ulioharibika, dawa mpya zinafaa. Kwa mama wetu huyu, hapana.

Wazee wa stesheni iliyofungwa hawatibiwi kwa kidonge. Wanahitaji betri. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, Arne Larsson aliwekewa ya kwanza. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza kwa mkono, akaifinyanga ndani ya kopo la kiwi ya viatu. Ilidumu saa chache. Larsson alitumia betri 26 maishani, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya mhandisi wake na baada ya daktari aliyempasua. Za leo hudumu miaka 8 hadi 12. Zinaingizwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, kwa ganzi, nyaya zikipitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, inaziweka, na katika miaka ya karibuni imefunga mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo na kuiunguza ile njia ya ziada, tiba ambayo zamani ilimlazimu Mtanzania kwenda India. Mabingwa wake pia hutoka kwenda mikoani kwa tiba mkoba.

Bado idadi inatia huruma. Ripoti ya chama cha madaktari wa moyo Afrika iliyohusu miaka 2011 hadi 2016 ilikuta nchi ya kati katika orodha inaweka betri 2.66 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, mara 200 chini ya Ulaya. Bei ya kifaa ndiyo kikwazo kikubwa. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimekuwa kikisafisha betri zilizotolewa kwa marehemu, ambazo kwao haziruhusiwi kutumika tena, na kuzijaribu katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2024, kwa wagonjwa karibu 300, hayakuonyesha kuwa zilikuwa na hatari zaidi kuliko mpya. Wapo watakaochukia kuvaa betri ya maiti. Mzee mwenye mapigo 34 nadhani angekubali kabla hujamaliza kueleza.

Lakini betri huwekwa mara moja, warfarini humezwa kila siku. Mashine ndogo ya INR inatosha kiganjani, inatumia tone moja la damu ya kidole na kutoa jibu ndani ya dakika chache, kama muuguzi anavyopima sukari. Vibanzi vyake ndivyo vyenye gharama, na vikiisha mashine inabaki pambo. Mgonjwa wa Ilunde akipimwa Inyonga ataweza kuja kila mwezi. Akiambiwa Mpanda, atakuja miezi miwili, wa tatu mvua itanyesha au nauli itakosekana, na wa nne ataamua mwenyewe kumeza nusu kidonge.